Damu kutoka sikioni: mambo ya kujua kabla ya bamvua (zile siku maji yanapojaa na kupwa sana)

Jamani nyie mnaozamia pweza Mikindani na Msimbati, na nyie wenye watoto wadogo, tuongee hili mapema. Sikio likitoka damu watu wanakimbilia kutia kitu ndani, pamba, mafuta ya nazi ya moto, maziwa ya mama, na hapo ndo tunapoharibu kabisa. Sikio linalotoka damu halitiwi kitu mpaka litazamwe ndani.

Mara nyingi ni mkwaruzo tu. Njiti ya pamba, kifuniko cha peni, ufunguo, na tundu lenyewe mpaka kwenye ngoma ya sikio ni kama sentimita 2.5 kwa mtu mzima, so ukiguswa kiwiko kidogo tu umeshafika.

Mtoto wa dada yangu alilia usiku kucha kashika sikio, alfajiri akanyamaza akalala, dada akashukuru Mungu, kuja kugeuza mto foronya ina doa la damu na usaha. Maumivu yalikata kwa sababu ngoma ilishapasuka na usaha ukapata njia. Alipewa dawa, tukaambiwa maji yasiingie, na tundu la kwenye ngoma likaziba baada ya wiki kadhaa. Yaani mtoto akinyamaza ghafla hivyo usiseme kapona, mpeleke.

Sasa wazamiaji. Ukishuka mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo hata maji ya kina kifupi yanapasua ngoma. Ukiwa na mafua usizamie, hata kama pweza wako wengi kiasi gani. Bana pua upulize taratibu kila unaposhuka kidogo, sikio likigoma panda juu, usilazimishe, na usizibe masikio kwa pamba wala nta. Ngoma ikipasuka chini maji ya baridi yanaingia ndani, unapata kizunguzungu hujui juu wapi chini wapi, ndo maana usiende peke yako. Kofi na mlipuko wa baruti navyo vinapasua hivyo hivyo.

Ila mtu kaanguka na boda akagonga kichwa, halafu sikio linatoka damu au maji maji, hiyo ni nyingine kabisa, fuvu linaweza kuwa limepasuka. Usimgeuze shingo ovyo, usizibe sikio, acha itoke, funika kwa juu na kitambaa kisafi na asafirishwe muda huo huo, sio kesho.

Kwa hiyo leo hii kaulize zahanati yenu kama wana kifaa cha kutazamia sikio, kama hawana ujue kabisa safari ni hospitali ya Ligula pale Mtwara, au ya Sokoine kwa watu wa Lindi, na nauli ikae pembeni pamoja na kadi ya bima. Na ile chupa ya dawa ya matone iliyobaki ya mtoto wa jirani msiitumie, kuna matone yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaua usikivu.