Mambo ya kuangalia kabla ya kupakua data za wanyama na mimea ya Kivu

Kama uko Bukavu na unatayarisha TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) juu ya ndege, nyani, samaki wa ziwa ao miti ya Kahuzi-Biega, data iko nyingi kuliko vile watu wanafikiri, tena ni ya bure. GBIF, hazina ya dunia ya data za viumbe kwenye intaneti, ilianza mwaka 2001, ofisi yake iko Copenhagen, na inaweka pamoja rekodi za makumbusho, za watafiti na za watu wa kawaida, zaidi ya bilioni 2. Kuipata si shida. Shida ni kwamba watu wanaingia bila kujipanga, forfe ya intaneti inaisha, ramani inatoka ovyo ovyo na direkta wa kazi anairudisha.

Swali liandike kwanza kwenye karatasi, mbele hata ya kufungua simu. "Wanyama wa Sud-Kivu" si swali. "Huyu ndege anapatikana kando ya ziwa ao kule juu kwenye milima tu" hilo njo swali, ju linakuambia utahitaji rekodi gani na utaacha zipi. Kisha utafute jina la kisayansi, na majina ya zamani pia. Ukiandika sambaza hautafika mbali, andika Limnothrissa miodon, na upitie FishBase, tovuti ya habari za samaki, usome historia yake: huyu samaki si wa asili ya Ziwa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, kwa hiyo ukikuta rekodi yake ya Kivu yenye imeandikwa 1930 ujue kuna kitu hakiko sawa. Gorila wetu vilevile, leo ni Gorilla beringei graueri lakini vitabu vya zamani vinamwita Gorilla gorilla graueri, na ukisoma jina moja tu unaweza kufikiri ni wanyama wawili.

Sasa majina ya mahali, hapa nawaomba mtulie kabisa. Vitu vingi vya kwetu vilikusanywa wakati wa ukoloni, viko Ubelgiji, kule Tervuren kwa wanyama na Meise kwa mimea, na karatasi yake bado inasema Costermansville. Costermansville ni Bukavu hii hii. Albertville ni Kalemie, Elisabethville ni Lubumbashi, na nchi utaikuta imeandikwa Congo belge ao Zaïre. Ukichuja kwa neno Bukavu peke yake unaacha historia nzima ya mji wako nje. Tena wale wakusanyaji hawakuwa na GPS, vipimo vya ramani viliwekwa baadaye, mara nyingi katikati ya mji, njo maana unaona wanyama wa msituni wamerundikana mahali pamoja pale Ibanda, katikati ya mji wa Bukavu. Kuko safu ndani ya faili yenye inaonyesha kosa la kipimo kwa mita, iangalie kabla ya kuchora chochote, ju kwa milima yetu kosa la kilomita 10 linatosha kukutoa ukingoni mwa ziwa, mita 1460, na kukupandisha kwenye baridi kabisa, na kama swali lako ni la mwinuko rekodi kama hiyo haikusaidii.

Alama ya kutoa (-) nayo iangalie. Bukavu iko kusini ya ekweta, latitudo yake ni kama -2.5, longitudo 28.86. Hiyo alama ikipotea, mnyama wako anahamia kaskazini, pande za Mungbere huko Haut-Uele. Na mashini zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, Excel yake inangojea koma pahali pa nukta, basi ukifungua faili kwa kubofya tu, namba zinasomwa kama maandishi na ramani inakataa. Ingiza faili polepole, uichagulie nukta kama alama ya desimali na UTF-8 kwa herufi (ili herufi zenye alama kama ï zisiharibike), kabla ya kugusa safu hata moja. Faili ya asili usiiguse, fanyia kazi kopi.

Usijumlishe GBIF na eBird (tovuti ya watazamaji wa ndege) na iNaturalist (app ya kutuma picha za viumbe) kama vile ni vitu vitatu tofauti. eBird inatuma data zake GBIF, na iNaturalist inatuma zile zenye watu wamekubaliana jina, kama leseni inaruhusu. Ukizijumlisha unahesabu ndege mmoja mara mbili. Halafu pahali peupe kwenye ramani hapamaanishi hakuna mnyama. Mara nyingi inamaanisha hakuna mtu aliyefika na daftari, alama za rekodi kwenye ramani zinafuata barabara, parke na vituo vya utafiti kama Lwiro, na hii uiandike wazi ndani ya kazi yako.

Kama utatoka kukusanya mwenyewe, jaza betri, rekebisha saa na tarehe ya simu, washa GPS (inafanya kazi bila intaneti, picha utazituma ukirudi kwenye wifi). Kwa kasuku, kakakuona na gorila, tafadhali sana, usitangaze pahali kamili. iNaturalist inaficha pahali pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini ukiweka picha ileile kwenye WhatsApp na jina la kijiji, umemwelekeza mwindaji mwenyewe.

Kwa GBIF fungua akaunti mapema, ju kutafuta ni wazi kwa wote lakini kupakua kunahitaji akaunti, na faili ikiwa tayari wanakutumia linki kwa imeili. Chuja nchi na spishi mbele ya kubonyeza, usipakue Kongo nzima kwa mega za simu. Kila upakuaji unakuja na DOI yake, namba ya kudumu ya kuitambulisha, inakili siku ileile pamoja na tarehe, ju njo hiyo utaandika kwenye TFC, na mwenye atasoma kazi yako ataweza kufungua data zile zile ulizotumia.