Jinsi ya Kuchunguza Imani ya Kiongozi Katika Sera Yake kwa Dola Hasimu

Anayetaka kueleza kwa nini nchi ilimkabili hasimu wake kwa namna fulani huanza kwa kuhesabu vifaru na makombora, na hesabu hiyo ina nafasi yake. Lakini anayeisoma na kuiamulia ni mtu mwenye imani aliyoijenga miaka mingi kabla ya kushika madaraka.

Kusanya kwanza maneno yake mwenyewe, ukitenganisha aliyoyasema jukwaani na aliyoyaandika faraghani, kwa kuwa hotuba huwa na hadhira inayotaka kuridhishwa. Tarehe 8 Machi 1983, mbele ya Wakristo wa Kiinjili mjini Orlando, Rais Ronald Reagan aliuita Umoja wa Kisovieti dola la uovu. Katika shajara yake ya 18 Novemba mwaka huohuo aliandika kwamba Wasovieti wameingiwa na hofu kubwa ya kushambuliwa, na kwamba ingefaa waambiwe, bila kulegezewa kamba, kuwa hakuna Mmarekani mwenye nia hiyo. Aliyesoma hotuba peke yake hataelewa kwa nini Januari 1984 Rais huyo alitaka mazungumzo, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Mikhail Gorbachev kushika hatamu za Umoja wa Kisovieti.

Hatua inayofuata ndiyo nzito kuliko zote, nami naona wengi huiruka: tafuta habari iliyopingana na imani ya kiongozi, kisha utazame aliifanyia nini. Mei 1956 Moscow ilitangaza kwamba itapunguza askari 1,200,000. John Foster Dulles, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipoulizwa alijibu kwamba ni afadhali watu hao waendelee kushika zamu za ulinzi kuliko kwenda kutengeneza mabomu ya atomiki. Askari wakiongezeka ni tishio, na wakipungua ni tishio vilevile. Ukikuta imani ya namna hiyo, usitarajie kwamba hatua yoyote ya hasimu itaigeuza sera. Reagan alikuwa tofauti. Mei 1988, akiwa Moscow kwenyewe, miezi michache baada ya kutia saini mkataba wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati, aliulizwa kama bado anauona Umoja wa Kisovieti kuwa dola la uovu, akajibu kwamba yale aliyasema kuhusu zama nyingine.

Usiitwishe imani kila kitu, hata hivyo. Linganisha watu waliopokea taarifa zilezile; wakiamua sawa, huenda hali yenyewe ndiyo iliyowasukuma, na wakitofautiana, hapo imani ina uzito: George Shultz, Waziri wa Mambo ya Nje, na Caspar Weinberger, Waziri wa Ulinzi, walikuwa katika serikali moja ya Reagan, lakini mmoja alihimiza mazungumzo na mwenzake akayatilia shaka.

Mwisho, fanya kazi hiyohiyo upande wa pili, hata kama nyaraka zake ni haba. Yuri Andropov, mkuu wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, na baadaye kiongozi wa Umoja huo, aliamini kwamba Marekani ingeweza kuanzisha vita vya nyuklia kwa ghafla, na tangu 1981 majasusi wa KGB waliagizwa kusaka dalili zake. Wale wa London walitakiwa kuchungulia madirisha yenye taa usiku katika ofisi za serikali, na kufuatilia bei wanayolipwa wachangiaji wa damu, ilhali nchini Uingereza damu hutolewa bure.