Kuhamia Tokyo na Watoto Wadogo: Makaratasi Yaanze, Mizigo Ifuate

Ukihamia Tokyo, kila karatasi huzaa nyingine. Ukiruka moja, zilizo nyuma yake zote zinakwama. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Kabla ya kukata tiketi

Mwajiri wako wa Japani aombe uhamiaji cheti cha kustahili ukaazi kwa kila mwanafamilia, hata mtoto mchanga. Kwa kawaida cheti hicho hudumu miezi 3, na ndani ya muda huo mwenyewe awe ameshaingia nchini. Kikitoka tu, kipeleke ubalozini mkaombe viza.

Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vitafsiriwe kwa Kijapani. Majina yalingane na pasipoti herufi kwa herufi. Mtoto mwenye majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye pasipoti atawasumbua kila dirishani, kwa hiyo malizeni jambo hilo nyumbani. Vyeti halisi vikae kwenye begi la mkononi.

Kagua pia dawa za mafua za watoto: zenye sudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia.

Hatua ya 2: Nyumba

Andaa fedha za kodi ya miezi minne hadi sita. Humo mna amana, ada ya dalali, kampuni ya udhamini na mara nyingi reikin, yaani zawadi kwa mwenye nyumba, ambayo hairudi. Nyumba za UR, shirika la umma la kupangisha nyumba, hazidai reikin, dalali wala mdhamini. Binafsi ningeanzia huko.

Hatua ya 3: Ofisi ya kata

Kadi ya ukaazi mtapewa uwanjani, Narita au Haneda. Mkishahamia kwenye nyumba, mna siku 14 za kusajili anwani kwenye ofisi ya kata. Siku hiyohiyo ulizia mambo haya:

- Bima ya afya. Kama mwajiri ana bima yake, familia iingie huko, msijisajili mara mbili.
- Cheti cha matibabu ya mtoto. Bima peke yake humwachia asiyeanza shule asilimia 20 ya gharama. Cheti hiki, katika kata 23 za Tokyo, huifuta.
- Posho ya mtoto: yeni 15,000 kwa mwezi chini ya miaka 3, kisha 10,000, mtoto wa tatu 30,000. Omba ndani ya siku 15, maana mwezi uliochelewa haulipwi. Akaunti iwe ya mzazi anayeomba, si ya mtoto.
- Chanjo. Peleka kadi ya kliniki, na tarehe ziandikwe upya zikianza na mwaka, 03/04 itawachanganya.

Ukirudi nyumbani, bandika majina ya familia kwenye kisanduku cha barua. Ni jambo dogo, lakini tarishi asipoona jina anaweza kurudisha barua, na barua yenye namba zenu za utambulisho huja kwa posta.

Hatua ya 4: Malezi ya mchana

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwaka wa shule huanza Aprili, na maombi ya hoikuen (kituo cha watoto wa wazazi wanaofanya kazi) hupokelewa miezi kadhaa kabla, kwa kawaida kuanzia Oktoba au Novemba. Nafasi hugawiwa kwa alama, na alama hutokana na saa za kazi za wazazi wote wawili. Mwenza mwenye viza ya familia haruhusiwi kufanya kazi bila kibali, na akikipata kwa kawaida hufikia saa 28 tu kwa wiki, hivyo alama zake huwa chache.

Mzazi mmoja akiwa nyumbani, acheni hoikuen, tafuteni yochien (shule ya chekechea). Hupokea kuanzia miaka 3, haiulizi kazi, ila watoto hutoka mapema alasiri. Darasa hupangwa kwa umri wa mtoto Aprili 1, si siku ya kuwasili.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza

Hifadhi namba mbili kwenye simu: 119 ya gari la wagonjwa, na #8000 ya ushauri wa mtoto anayeugua usiku. Kisha kabla ya kupanga vitu, funga kabati ukutani kwa vishikizo vya tetemeko, na kitanda cha mtoto kisikae chini yake.