Unajenga vyumba viwili, chora sita

Wateja wangu wengi wa Buhongwa na Igoma, hapa Mwanza, wanajenga kwa awamu, kadiri hela inavyopatikana. Ni njia nzuri, ila wanachorewa vyumba viwili visivyo na pa kuendelea, na familia ikiongezeka paa linabomolewa.

Kabla ya kumwita fundi, kaeni mtaje watakaolala humo miaka 10 ijayo. Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba aliniambia mkwe wake, mume wa binti yake, huja kutoka Magu, na haifai wachangie bafu. Chumba cha wageni tukakipa mlango wa nje na choo chake. Wageni wasipokuwepo, anapangisha. Jiko kubwa likabaki uani, maana ugali wa msiba haupikiki ndani. Mbele ya nyumba tumeacha wazi kabisa. Turubai litafungwa wapi?

Sasa chora vyumba vyote sita, ujenge viwili. Anza na paa. Chagua la kumwaga maji pande mbili, na ile pembetatu ya ukuta ielekee kule nyumba itakakoendelea. Baadaye unaongeza kenchi, yaani fremu za mbao za paa, na bati kwa mstari uleule. Paa la kumwaga pande nne linapendeza, lakini kuliongeza ni kulivunja.

Ukuta wa upande huo fundi auache na meno, tofali moja ndani, moja nje. Nondo za lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, zichomoze: za milimita 12, angalau sentimita 60, ndipo za awamu ya pili zifungiwe hapo. Zipake uji wa saruji, uzifunge na nailoni zisile kutu. Dirisha la ukuta huo liwe na upana wa mlango, sentimita 90, na lenta juu yake. Siku ya kuongeza chumba unatoa tofali za chini tu, umepata mlango.

Hela ikiwa ndogo, itangulie kwenye yale magumu: msingi, lenta, choo. Kule Iquique, Chile, msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake wa kampuni ya Elemental walizipa familia za mtaa wa Quinta Monroy nusu nyumba, yenye jiko, bafu na ngazi, wenyewe wakamalizia nusu nyingine.

Ukiwa mlimani, Mabatini au Igogo, nyumba irefuke kukatisha mteremko. Ikifuata mteremko, kila chumba kinadai msingi mrefu zaidi ya kile cha juu yake. Mfereji wa maji ya mvua uchimbwe upande wa juu, na shimo la choo likae mbali na upande wa kuongezea.

Ramani nzima itunze nyumbani. Fundi wa awamu ya tatu huenda asiwe yule wa kwanza.