Tovuti ya Duka Inayosomeka Kwenye Simu Ndogo

Mtu anayejenga Sironko, mashariki mwa Uganda, akitaka mabati kutoka mji jirani wa Mbale, huifungua tovuti ya duka akiwa saiti, jua la saa saba likipiga skrini, na bando la siku likielekea kwisha. Ana maswali manne: mnayo? Ni bei gani? Mko wapi? Mnaleta hadi kwangu? Mfano tunaoutumia hapa ni hadiwea, ila mwenye gesti au duka la mbegu atafuata njia hiyo hiyo.

Maneno kwanza, rangi baadaye

Kwa juma zima, anayekaa kaunta aandike daftarini kila swali linaloulizwa kwa simu, kama lilivyotamkwa. Wateja huuliza "mabati geji 28". Hakuna anayeuliza "suluhisho za paa". Maneno yao ndiyo yaingie kwenye menyu, na swali linalojirudia zaidi lijibiwe juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo.

Menyu ya duka la namna hii haihitaji zaidi ya viungo vitano: Bei, Usafirishaji, Tulipo, Malipo, Piga Simu. Historia ya kampuni ikae chini kabisa. Viungo vichache hivyo viache wazi, usivifiche nyuma ya ile alama ya mistari mitatu, kwa sababu wengi hawaigusi. Tena wanaotumia kivinjari cha Opera Mini katika hali yake ya kubana data hupokea ukurasa uliokwisha kuchakatwa kwenye seva, na menyu inayotegemea skripti (programu ndogo ndani ya ukurasa) inaweza kukataa kufunguka. Kiungo cha kawaida hufunguka popote.

Chini ya jina la duka weka sentensi moja: mnauza nini, mko mji gani, mnafika wapi. "Karibu kwenye tovuti yetu" inakula nafasi bure. Picha zinazojibadilisha zenyewe hapo juu zitupe pia, hata kama fundi wa tovuti anazisifu: mteja huziruka, na zote zinaweza kupakuliwa kwa bando lake.

Ukurasa wa bei

Hapa ndipo tovuti nyingi huharibika. Kosa la kwanza ni kupiga picha karatasi ya bei na kuibandika. Maandishi ndani ya picha mara nyingi hayaonekani kwa mitambo ya utafutaji wala hayasomwi na programu inayomsomea asiyeona, na mtu akiyakuza yanakuwa ukungu. Andika bei kama maandishi.

Kosa la pili ni jedwali lenye safu sita. Simu nyingi za bei nafuu zina upana wa piseli 360 hivi kwa hesabu ya kivinjari, kwa hiyo safu mbili zinatosha: bidhaa na bei. Kipimo kikae kando ya bei yenyewe, yaani kwa bati, kwa mfuko wa kilo 50, kwa kilo ya misumari, kwa tripu ya mchanga. Usipoandika kipimo, simu italia siku nzima kwa swali hilo hilo. Tenganisha maelfu kwa alama ya mkato, useme kama VAT ya asilimia 18 imo ndani, na uandike juu ya jedwali tarehe bei zilipobadilishwa mara ya mwisho.

Vipimo vya kusomeka

Bila mstari huu kwenye sehemu ya `head` ya msimbo wa ukurasa, simu itaonyesha tovuti nzima ikiwa imesinyaa kama kwenye kompyuta:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Maandishi ya kawaida yawe piseli 16 au zaidi. Kwenye visanduku vya fomu usishuke chini ya hapo, maana iPhone hukuza ukurasa ghafla mtu akigusa kisanduku chenye herufi ndogo zaidi. Nafasi kati ya mistari iwe mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Vitufe vifikie piseli 48 kwa urefu na upana, viachane kidogo, ili kidole gumba kisibonye cha jirani.

Kuhusu rangi, kanuni za WCAG (mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na kila mtu) zinataka uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3. #767676 kinapita kwa shida. #595959 kinafika 7, na hicho ndicho cha kutumia kwa mtu aliye juani. Maandishi meupe juu ya manjano yasahau.

Picha bila kumaliza bando

Picha moja ya kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Kwa bando la MB 100, ukurasa wenye picha hiyo peke yake utafunguliwa mara 25 tu. Punguza upana hadi piseli 800 (skrini ya 360 yenye msongamano maradufu inahitaji 720), hifadhi kwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi) yenye ubora wa 75 hivi, na mara nyingi utapata faili chini ya KB 100. Lenga ukurasa wote usizidi KB 500. Kila picha ipewe `width` na `height`, la sivyo maandishi yataruka picha ikitua na mteja atagusa kitu asichokikusudia. Zilizo chini zipewe `loading="lazy"`, ili zipakuliwe mteja anapozikaribia tu, lakini ile ya juu kabisa usiipe, itachelewa kuonekana. Fonti tumia zile zilizomo tayari kwenye simu.

Simu, ramani na malipo

Namba ya simu iwe kiungo cha `tel:`, yaani kikiguswa simu inakuwa tayari kupiga. Cha WhatsApp huandikwa `https://wa.me/256` kisha tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele; sifuri ikibaki, kiungo hakimfikii mtu. Usitegemee mtandao mmoja wa kijamii kama mlango pekee: Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, kiungo chake hakikumfaa mteja asiye na VPN.

Mahali paelezwe kama unavyomwelekeza bodaboda: kutoka Mnara wa Saa, barabara ipi, mkabala na nini, geti la rangi gani. Ramani iliyopachikwa ndani ya ukurasa ni nzito. Weka kiungo kinachoifungua kwenye programu ya ramani.

Kama mnapokea MTN MoMo au Airtel Money, andika misimbo yake, *165# na *185#, kama maandishi, pamoja na namba ya mfanyabiashara na jina litakalotokea kabla mteja hajaweka PIN. Jina lisilolingana na la duka humfanya asitishe malipo, na ana haki. Kiungo cha kupiga msimbo huo moja kwa moja kinataka # iandikwe %23, na hata hivyo iPhone hukataa.

Fomu ya oda iombe jina, simu, bidhaa na mahali pa kupeleka, basi. Jina liwe kisanduku kimoja. Simu ipokelewe ikianza na 0, 256 au +256, ikiwa na nafasi katikati au bila, na kisanduku kiwe `type="tel"` ili kibodi ya tarakimu ifunguke. Namba ya kitambulisho usiiombe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ukusanye unachohitaji tu na umwambie mtu ni kwa kazi gani.

Jaribio

Tafuta watu watano wasiolijua duka, uwape simu ya bei nafuu yenye data, si Wi-Fi ya ofisini. Mpe kila mmoja kazi moja moja: "Unataka mabati ishirini yafike Sironko, utalipa ngapi na usafiri?" Usitaje neno lililo kwenye menyu, na akikwama usimwelekeze. Andika alipogusa kwanza. Wawili wakikwama pahali pamoja, rekebisha hapo, kisha uwape simu watu wengine.