Namna ya Kulinganisha Uchaguzi wa Marais katika Jamhuri Mbalimbali
Anza kwa kuuliza ni nani hasa anayepiga kura ya mwisho, kwa kuwa Afrika Kusini Rais huchaguliwa na Bunge la Taifa kutoka miongoni mwa wabunge, ilhali Marekani huamuliwa na wajumbe 538 wa uchaguzi (Electoral College), wanaopatikana jimbo kwa jimbo. Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza kwa kura za wananchi lakini Donald Trump akashinda.

Kisha fungua katiba yenyewe utafute kiwango cha ushindi, maana hapo ndipo penye uzito. Kenya inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, sharti ninaloliona la busara sana kwa sababu humlazimisha mgombea kutoka nje ya ngome yake. Tanzania, tangu mabadiliko ya mwaka 2000, anayeongoza hutangazwa mshindi hata asipofikisha nusu.

Usiache kuangalia mahakama: Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania huzizuia kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa, wakati Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa Agosti 2017 na kuagiza urudiwe ndani ya siku 60.