Kupima ukinzani wa pua kwa rinomanometri, kabla na baada ya dawa ya kuzibua

Mgonjwa anaposema pua yake imeziba, anaeleza anavyohisi, na hisia hiyo haiwiani kila mara na hewa inayopita. Kabla ya kuamua upasuaji, basi, inafaa kupima. Rinomanometri ya mbele hupima kwa pamoja shinikizo la hewa na mtiririko wake huku mgonjwa akipumua kama kawaida.

Mwache aketi chumbani dakika 20 hadi 30, kwani mazoezi na baridi hubadili uvimbe wa utando wa pua. Akishapenga kamasi, ziba tundu moja kwa plasta iliyopitishwa mrija mwembamba wa kupimia shinikizo, ukihakikisha plasta haivuti ngozi, maana tundu la pili likipinda hata kidogo majibu huharibika. Mvalishe barakoa isiyovujisha hewa, afumbe mdomo, apumue kwa utulivu. Upande unaopimwa ni ule ulioachwa wazi, si ule uliozibwa; uandike mara moja, kwa sababu ni rahisi sana kuchanganya. Rekodi pumzi kadhaa, kisha hamia upande wa pili. Ikiwa ukuta wa kati wa pua umetoboka, njia hii haifai.

Ukinzani, yaani kiasi ambacho njia ya pua inazuia hewa kupita, hupatikana kwa kugawa shinikizo kwa mtiririko, na kwa desturi husomwa kwenye shinikizo la paskali 150. Mtiririko ukiwa sentimita za ujazo 300 kwa sekunde, ukinzani ni paskali 0.5 kwa kila sentimita ya ujazo kwa sekunde. Asiyefikia shinikizo hilo asilazimishwe kuvuta pumzi kwa nguvu. Soma kwenye paskali 75 na uandike hivyo.

Kipimo kimoja hakitoshi kamwe. Kwa watu wengi matundu mawili hupokezana kuvimba na kunywea kila baada ya saa kadhaa, hivyo upande ulioonekana mbaya asubuhi waweza kuwa mzuri mchana. Nyunyizia zailometazolini, dawa ya kuzibua pua, pande zote mbili, subiri dakika 15, kisha pima upya. Ukinzani ukishuka sana, tatizo kubwa ni uvimbe wa utando, kama ule wa mzio, na dawa zijaribiwe kwanza. Ukibaki juu, shuku mfupa au gegedu, hasa ukuta wa kati uliopinda. Hapo rinometri ya sauti, inayotuma mawimbi ya sauti puani, huonyesha ni umbali gani kutoka tunduni njia inapobana.